Riwaya, wasifu au simulizi la bibi: kipi kimfundishe mtoto habari za zamani?

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni chini ya mwarobaini wa kanisani kwetu, hapa Dodoma mjini, akatoa vitabu viwili kwenye mkoba. Kimoja kilikuwa wasifu wa mmisionari, kijitabu chembamba chenye picha ya mzee wa ndevu jaladani. Cha pili kilikuwa hadithi ya kubuni juu ya mvulana aliyesafiri na msafara wa pembe za ndovu miaka ya 1870. Binti yake ana miaka 10. "Mwalimu, hiki cha pili si uongo huu?" aliniuliza. "Tunawaambia watoto wasiseme uongo, halafu tuwape mambo ya kutunga?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watoto walikuwa wananisubiri, na jibu lenyewe halikunitosha hata mimi. Hili ndilo jibu refu. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka 13, na katika miaka hiyo nimewasomea watoto habari za zamani kwa njia tatu: riwaya ya kihistoria, yaani hadithi ya kubuni iliyowekwa katika wakati na mahali pa kweli, wasifu, yaani maisha ya mtu aliyekuwepo, na simulizi la wazee, ambalo halina jalada wala bei. Hakuna kati ya hizo inayofanya kazi zote, na mzazi anayechagua lazima ajue kila moja inashindwa wapi.

Kwanza hilo la uongo

Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi, hakuanza na Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke, kisha akapanga auawe. Alianza na tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya kondoo ambaye hakuwahi kuzaliwa, na hasira hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye "Wewe ndiwe mtu huyo." Bwana Yesu naye alisema, "Mtu mmoja alikuwa na wana wawili," na hatujawahi kuuliza mtu huyo alikaa kijiji gani. Kutunga si dhambi. Hata mtoto wa miaka 6 anajua kwamba sungura haongei, na hadithi ya sungura haimpotezi.

Lakini riwaya ya kihistoria si sawa na mfano, na hapo yule mama alikuwa na haki kuliko alivyodhani. Mfano hauna tarehe. Riwaya ya kihistoria ina mwaka, ina njia unayoweza kuifuata kwa kidole kwenye ramani, ina watu waliokuwepo kweli, wenye makaburi na wajukuu. Mwandishi akimtilia maneno mdomoni mtu wa kweli aliyekwisha kufa, anamshuhudia mtu asiyeweza kusimama akasema, "Mimi sikusema hivyo." Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo, na sioni kwamba jirani akishazikwa anaacha kuwa jirani. Basi nikishika kitabu cha aina hii, kwamba kimebuniwa nalijua tayari. Ninachotafuta ni kama kimewatendea haki watu waliokuwepo.

Tena, tusijifanye wageni wa jambo hili. Kila Krismasi tunaigiza mwenye nyumba ya wageni akimfungia Yusufu mlango kwa ukali. Mtu huyo hayumo katika Injili. Luka anasema tu kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Mamajusi nao tunawavika taji watatu, wakati Mathayo hakutaja idadi. Watoto wetu wamekwisha kulelewa na riwaya ya kihistoria madhabahuni, ila hakuna aliyewaambia.

Safari moja kwa njia zote tatu

Nachukua tukio moja ili tofauti ionekane. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Walioongoza ni Susi na Chuma. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, ndiye aliyesoma ibada pale moyo ulipozikwa. Walipofika karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike mwili hapohapo. Wakakataa. Mbele ya hapo wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao, basi wabebaji wakaufungasha mwili upya ufanane na robota la kitambaa, wakapita nao.

Wasifu unakupa hayo yote kwa uhakika: tarehe, majina, barua. Kwa mtoto anayependa kujua "lini" na "nani", hakuna kinachoushinda. Udhaifu wake ni kwamba wasifu ni wa mtu mmoja, na mtu huyo akifa kitabu kinakaribia mwisho. Watu waliotembea miezi mingi na maiti begani wanapata kurasa mbili na sifa moja, "waaminifu." Mtoto anafunga kitabu akijua jina la aliyebebwa, na waliobeba wamebaki kundi.

Simulizi la wazee halina la kusema hapa. Katika usharika wetu hakuna babu niliyemkuta na habari ya safari hiyo, na sitaki kumlazimisha mzee akumbuke asichokijua.

Riwaya inaweza kuanzia pale wasifu unapochoka. Katika kumbukumbu za safari ile kuna mtoto wa kike anayeitwa Losi. Alikuwa kwenye mstari wa msafara, mtungi wa maji kichwani, nyoka akamuuma pajani. Hazikupita dakika 10 akawa amekufa. Mwaka jana niliwapa mistari hiyo watoto wa miaka 9 hadi 12, kila mmoja na karatasi, nikawaambia waandike siku moja ya Losi kabla ya siku ile. Msichana mmoja aliandika kwamba Losi alikuwa akiimba ili mtungi usimlemee. Mvulana aliyeketi naye benchi moja akachungulia, akauliza, "Umejuaje?"

Msichana alishika penseli bila kuandika, akafikiri. "Sijui," akasema. "Lakini mimi nikitoka bombani na ndoo naimba."

Nilimwambia aiache sentensi yake, ila aipigie mstari mwekundu. Tangu siku ile tunasoma na penseli mbili: ya bluu kwa yale tunayoyajua, nyekundu kwa yale tuliyoyajazia. Rangi zote mbili zinabaki kwenye karatasi. Nyekundu ndiyo inayomfanya Losi awe mtoto mwenzao, badala ya jina lililopita njiani na kufa.

Kuna mzazi atakayeogopa swali la "umejuaje?" kwa sababu linaweza kugeukia Biblia. Lilishageuka. Kijana mmoja aliniuliza kama Injili nayo ina mistari myekundu. Nilimfungulia Luka sura ya kwanza, mahali mwandishi anaposema, "nimejitafutia kwa usahihi habari za mambo hayo yote tangu mwanzo," kisha sura ya tatu, anapotaja mwaka wa kumi na tano wa kutawala kwake Kaisari Tiberio na Pontio Pilato aliyekuwa liwali wa Uyahudi. Mtunzi wa riwaya hajifungi hivyo. Luka anajifunga, anataja watawala na miaka, kwa hiyo anajiweka mahali pa kuulizwa. Mtoto aliyezoea kuuliza "umejuaje?" akisoma riwaya ndiye atakayeona kwamba Luka alikwisha kulijibu.

Riwaya inapokosea, inakosea vibaya

Nimeegemea riwaya, kwa hiyo lazima niseme wazi ilipowahi kuniumiza. Miaka kadhaa iliyopita niliwasomea watoto hadithi moja ya misafara ambayo sikuwa nimeimaliza mwenyewe. Humo kila Mwafrika mwenye mzigo alikuwa mtumwa chini ya kiboko. Watoto waliguswa, wengine walilia, nami nikadhani somo limefaulu. Baadaye ndipo nilipoona nilichokifanya.

Wapagazi wengi wa njia ya kati, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji, walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira wa kitambaa na kupewa posho ya njiani. Mbele alitangulia kirangozi anayeijua njia. Mzigo mmoja ulifika kama frasila 2, yaani karibu kilo 30 au kuzidi kidogo. Ilikuwa kazi ya ujuzi na heshima, na kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa amekuwa mtu mzima. Watumwa nao walikuwepo, wamefungwa, wengine wakibebeshwa pembe. Hadithi ikiwachanganya hao wawili inamwibia mpagazi ujira wake. Utumwa nao inaufanya mwepesi, maana mtoto hatajua tena tofauti ya mtu aliyelipwa na mtu aliyeuzwa.

Niliirudia mada ile Jumapili iliyofuata. Nilimpa kijana mmoja wa kipaimara mfuko wa sembe wa kilo 25, akaubeba kichwani kutoka getini hadi mlango wa kanisa. Alifika akitweta. Nikawaambia watoto kwamba hiyo bado haijafika frasila 2, na nikawaonyesha Tabora ilipo kwenye ramani.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine ambao kitabu kilichoandikwa mbali hakiuoni. Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya za shaba. Hadithi nyingi zimebeba malalamiko hayo kama yalivyo, Mgogo akatokea kama mnyang'anyi wa njiani. Na mtoto wa leo akisoma "hongo" anaelewa rushwa, kwa sababu ndiyo maana iliyobaki. Watoto wa Kigogo darasani kwangu walicheka kwa aibu. Wakati ule hongo ilikuwa ada ya kupita. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 na ushei kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Msafara wa mamia ya watu, uliotoka kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukitua kijijini mwezi wa tisa unakunywa kisima cha wenyeji na kula mtama wao. Mwenye kisima kudai kitambaa si wizi. Riwaya nzuri ingemweka mtoto upande wa kisimani angalau sura moja.

Mtunya: hapa mwachie bibi

Njaa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya. Wanahistoria wanalifasiri jina hilo kuwa kugombania. Vita Kuu vilipita hapa kwanza: Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo ya majeshi. Mvua zikakosa. Juu yake ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia mwishoni mwa vita. Watu walikufa, ukoo ukatawanyika, wengine hawakurudi makwao.

Ningeweza kuwasomea watoto hadithi ya kubuni juu ya njaa hii. Sitaki, kwa sababu wapo wenye kuisimulia. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawapo tena, lakini wapo wazee waliolelewa na mama na bibi zao walioipita. Nilimleta darasani mzee mmoja wa kike kutoka upande wa Mvumi. Watoto wakamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanyamaza kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa haachi hata punje ya uwele sakafuni, maisha yake yote, hata mwaka wa mavuno. Aliinama akaonyesha kwa vidole jinsi mama yake alivyokuwa akiokota. Watoto waliviangalia vile vidole. Hakuna ukurasa ambao ungewafikisha hapo.

Udhaifu wa simulizi upo pia. Mzee anaweza kuichanganya njaa moja na nyingine, na mambo ya aibu ya ukoo huwa yanaachwa nje. Kwa hiyo watoto huandika aliyoyasema, nami nawapa tarehe pembeni. Zaburi ya 78 inasema juu ya mambo "ambayo baba zetu walituambia. Hayo hatutawaficha wana wao." Simulizi peke yake kati ya njia hizi tatu ndilo linalompa mtoto kazi ya kupokea na mzee heshima ya kukabidhi. Nalo haliwezi kungoja. Kitabu kitakuwepo mwakani.

Imani ikoje ndani yake

Hapa wazazi wengi wanataka jambo moja tu: je, kitabu ni cha Kikristo? Naomba waongeze maswali.

Wasifu wa kidini una kawaida ya kumfuta mhusika dhambi zake. Mtoto anapewa mtakatifu asiyekasirika wala kukosea, na akikua akasoma zaidi, anahisi alidanganywa na kanisa. Biblia haikumfanyia Daudi hivyo, wala Petro. Riwaya ya kidini ina kosa lake: kila mtu mwema lazima abatizwe kufikia sura ya mwisho, na kila aliyekataa afe vibaya. Ubatizo unakuwa zawadi ya mtunzi.

Pia tazama mwovu ni nani. Hapa Dodoma watoto wetu wanakaa dawati moja na watoto wa Kiislamu. Hadithi ya utumwa ambamo Mwarabu peke yake ndiye mwovu, naye Mkristo peke yake ndiye mkombozi, inawashuhudia uongo majirani walio hai. Biashara ile iliwahusisha wafanyabiashara wa pwani na wa bara, watemi wa Kiafrika waliouza mateka, mashamba ya karafuu ya Unguja, na visiwa vya sukari vya Mauritius na Reunion vilivyotawaliwa na mataifa ya Kikristo. Filemoni mwenyewe alikuwa mwamini, na kanisa lilikutana nyumbani kwake, naye alikuwa na mtumwa. Paulo alimwandikia ampokee Onesimo "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Nasoma waraka huo wote na watoto kabla ya kufungua hadithi yoyote ya utumwa. Ni mfupi, dakika 5 zinatosha.

La mwisho ni kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mtoto gani. Daktari mmoja Mwaustralia aliyefanya kazi Mvumi kuanzia 1938 aliandika vitabu vingi vya watoto vilivyotokana na hospitali ya huko. Vilipendwa sana ng'ambo. Mtoto wa Mvumi akivisoma leo anajikuta akitazamwa kutoka nje, nyumbani kwao pakiwa mahali pa ajabu. Sisemi vitupwe. Nasema visisomwe peke yake.

Basi uchague nini

Hadi miaka 7, mpe mifano ya Biblia na simulizi fupi za nyumbani, usihangaike na riwaya ya kihistoria. Mtoto bado hajui miaka 150 ni nini.

Kati ya miaka 8 na 12 ningechagua riwaya, kwa sauti, sura moja kila jioni, mzazi akiwa ameimaliza kwanza. Huu ndio umri ambao moyo unaingia haraka ndani ya mtu mwingine. Lakini mwekee kando ukurasa mmoja wa habari za kweli na zile penseli mbili. Bila hivyo ni afadhali wasifu.

Kuanzia miaka 13 wasifu unapata nguvu, hasa wa watu wa hapa. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianza 1927 na askofu kutoka Australia. Mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Kijana anayeuliza kanisa hili ni la nani anahitaji kumjua mtu huyo kama alivyokuwa, kwa majina na tarehe, bila penseli nyekundu. Umri huohuo anaweza pia kupewa riwaya inayolilaumu kanisa kwa kutembea na ukoloni. Asome nawe, mjibizane.

Na kama fedha hakuna, maana vitabu vya watoto vya aina hii kwa Kiswahili madukani si vingi na vilivyopo si rahisi kwa kila nyumba, usione umekosa. Simulizi halilipiwi, ila linahitaji utoke nyumbani.

Yule mama nilimrudia wiki mbili baadaye. Nilimwambia aanze na kitabu cha msafara, amsomee binti yake mpaka pale wanapofika Ugogo, wasimame hapo. Wasifu usubiri likizo ya Desemba. Bibi mzaa baba wa binti yuko hai, ana miaka zaidi ya 80, na kutoka mjini kwenda kwake si mbali. Jumamosi waende, binti abebe daftari, na swali la kwanza liwe juu ya kisima: kilikuwa wapi, na nani aliruhusiwa kunywa.